Mtajiju Hakusubiri Pamba Iuzwe

Vijana mnaofuga mbwa, mwangaluka. Kama mnasoma jioni, basi mwadila. Mimi ni Mbuke wa hapa Bariadi mjini, na kazi iliyonilisha miaka yote ni kushika mbwa. Msicheke. Kuna mtu anashika usukani, kuna mtu anashika chaki, mimi nilishika mbwa ili daktari wa mifugo amdunge, amshone au amhasi bila kuliwa yeye. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, lisukumeni wenyewe likae sawa.

Ninaandika kwa sababu ya Kabula. Kabula ni binti wa shemeji yangu Jilala, na Jilala ni mdogo wa marehemu mume wangu, ndiyo maana Kabula ananiita mama mkubwa. Ameolewa Maswa, anakaa Binza, ana kaduka, ana mtoto wa kiume mdogo, na ana mbwa jike mwenye akili kuliko baadhi ya mashemeji zangu. Juzi alinipigia simu.

"Mama mkubwa, huyu mbwa nimfunge kizazi au nimwache?"

"Nani anakataa?"

"Baba. Anasema akija huku akamkuta ameshapasuliwa, hatakunywa hata maji ya kwangu. Anasema azae kwanza mara moja. Halafu anasema hata kama ni kupasua, tusubiri pamba iuzwe."

Nilikaa chini. Sikuwa na kizunguzungu, nilitaka kucheka vizuri. Jilala tena! Pamba tena! Mtu mwingine angeona haya kutaja mbwa na pamba kwa pumzi moja mbele ya Kabula, lakini shemeji yangu haya alizigawa zamani pamoja na watoto wa mbwa. Nitafika huko.

Nikamwambia Kabula, "Sitakuamulia. Nitaandika niliyoyaona, wewe na wenzako msome, halafu ukazunguke ua wako. Usisahau hilo la ua."

Kazi yenyewe sikuisomea. Nilikuwa nafagia ofisi ya mifugo. Siku moja mbwa mkubwa kama ndama aliwaponyoka wanaume waliomleta, na wanaume wote mle ndani wakapanda juu ya meza. Mimi sikupanda, si kwa ushujaa, ila meza ilikuwa imejaa. Nikavua kitenge changu cha juu, nikamtupia mbwa usoni, nikamlalia. Daktari Maduhu, ambaye naye alikuwa mezani, akashuka taratibu akijikung'uta suruali kama mtu aliyekuwa anakagua dari. Akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, weka ufagio chini. Kuanzia leo wewe unashika hawa." Hivyo ndivyo nilivyopanda cheo siku ambayo wenzangu walipanda meza.

Maduhu alinifundisha vizuri. Alisema mbwa hashikwi kwa nguvu, anashikwa kwa karibu. Ukimshika kwa mkono ulionyooka anajua unamwogopa. Mkumbatie, mkono mmoja upite chini ya shingo, kichwa chake kikae kifuani kwako, mwingine umzungushe tumboni, na usimkodolee macho. Mdomo unafungwa kwa kipande cha kitenge kikuukuu: unazungusha juu ya pua, unashusha chini ya kidevu, unafungia nyuma ya masikio. Kamba ya katani inamchubua. Halafu uongee. Chochote. Mimi nilikuwa nawasimulia mbwa habari za mashemeji zangu, na sijaona mbwa aliyetulia kama anayesikia kwamba kuna viumbe wana tabia mbaya kuliko yeye.

Maduhu alikuwa na kawaida moja iliyowaudhi watu. Ukimpelekea swali la kuhasi, hakutazama mbwa. Aliwasha pikipiki, akaja kwako, akaanza kuzunguka ua. Minyaa yote iliyopandwa kuwa ua anaizunguka, kila penye uwazi anainama, geti analisukuma kwa goti, bakuli la mbwa analitazama kama lina kitu au lina vumbi. Mwisho anauliza, "Akishonwa, nani atakaa naye asilambe kidonda?"

Watu walikuwa wanakasirika. "Daktari, nimekuuliza habari za mbwa, wewe unakagua boma langu kama mposaji!"

"Mbwa nimeshamwona," anajibu. "Mbwa wote ni mbwa. Natafuta kama una ua."

Na hapo ndipo uamuzi ulipokuwa. Kama ua unafunga kweli, kama kuna mtu wa kukaa na jike anapokuwa kwenye joto mpaka limalizike, kama mbwa ni mzee au ana kikohozi kisichoisha, Maduhu alikuwa anasema mwacheni. Hakuwa mtu wa kuhasi kila kinachopita. Alisema wazi kwamba kumhasi dume ni kazi ndogo, lakini jike anafunguliwa tumbo, na tumbo ni tumbo. Lakini kama ua wako ni chekeche, alisema, basi usinidanganye kwamba unaamua. Madume ya kijiji kizima yameshakuamulia.

Sasa jaribu kusema habari hizi mbele ya wanaume wa kwetu. Mimi nimeziona nyuso zao. Unasema tu "kuhasi mbwa dume", baba mwenye nyumba anabana miguu yeye. Mbwa mwenyewe amelala, anajikuna, hana habari. Na ni wanaume hawahawa ambao kila mwaka wanawaangusha madume ya ng'ombe, wanaleta lile koleo kubwa, wanabana, wanapata maksai wa kulimia, halafu wanaenda kula. Hakuna anayelia. Lakini mbwa, lo, mbwa ni ndugu.

Hapa niwataje wawili, kwa sababu mimi siwezi kusimulia habari za "mtu fulani". Wa kwanza ni huyo Jilala wa Sapiwi, baba yake Kabula. Wa pili ni jirani yake Masunga, pia wa Sapiwi, wametenganishwa na mstari wa minyaa ambao kila mmoja anasema mwenzake ameusogeza. Hawakusemeshana miaka. Walisemeshana kwa mbwa. Mnajua desturi yetu: ukiwa na neno la kumwambia jirani na hutaki ugomvi, unafuga mbwa unamwita hilo neno. Jilala akamwita jike lake Mtajiju. Masunga akapata dume, akamwita Tutaona. Basi jioni ikifika unasikia upande huu, "Mtajiju! Mtajiju wewe!" na ng'ambo ya minyaa, "Tutaona! Njoo, Tutaona!" Wazee wazima hao. Wana wajukuu.

Maduhu alifika kwa wote wawili mapema mwaka ule, Kabula akiwa bado mtoto, wakati pamba bado inapaliliwa. Mimi nilikuwepo, nimebeba kamba. Kwa Masunga alisema dume lile linazurura mpaka Dutwa, linarudi na masikio yaliyochanika, alilete lihasiwe na lichanjwe.

Masunga akabana miguu. "Daktari, mbwa aliyehasiwa halindi."

"Halindi kwa kende, bhabha. Analinda kwa masikio na pua. Kubweka atabweka. Sikuahidi kwamba atakuwa malaika, ila kuzurura kutapungua, na kupigania majike."

"Hapana. Ng'ombe ni ng'ombe. Mbwa ana jina."

Mimi sikuweza kuvumilia. "Na maksai wako? Yule wa kulia si unamwita Mwalimu?"

"Huyo jina alilipata baada ya kuhasiwa," akasema, na hakuona kwamba kuna cha kucheka.

Kwa Jilala, Maduhu alizunguka minyaa mara moja tu. "Jilala, huu si ua, hii ni njia yenye majani pembeni. Jike hili lilete lifungwe kizazi kabla joto halijaja."

"Nimesikia, daktari. Asante, wabeja sana. Baada ya pamba."

Vijana, ninyi mmezaliwa huku, mnalijua hilo neno. Kwetu kila kitu ni baada ya pamba. Kuezeka baada ya pamba. Kuoa baada ya pamba. Jino linauma, baada ya pamba. Kuna wazee nadhani hata kufa wanakuahirisha mpaka pamba iuzwe. Mimi siwalaumu, hela haiji mwezi mwingine. Lakini Maduhu hakuwa ameomba hela, alikuwa ameomba asubuhi moja. Na Mtajiju hakuwa na shamba la pamba. Joto lake lilikuja pamba ikiwa ndani, imejaa hadi kwenye mapao, inangoja chama cha ushirika kifungue mizani.

Jilala alinipigia simu kujisifu. "Shemeji, mlitaka kunipasulia mbwa bure. Nimemfungia chumba cha pamba. Ndicho pekee chenye mlango wa komeo. Hapati mtu!"

Fikiria akili hiyo. Una chumba kimoja chenye jasho la mwaka mzima, la kwako, la mke na la watoto, halafu ndani yake unatia kitu kimoja ambacho madume ya Sapiwi nzima yanakitaka. Mlango ulikuwa wa mbao nzuri kweli. Kuta zilikuwa za udongo.

Siku iliyofuata alipiga mke wake, Sundi. Hakujisifu. "Mayu, njoo. Mbwa wametuzunguka. Hatuwezi kwenda hata chooni. Kabula sijampeleka shule."

Nilipofika nilikuta mbwa hata ambao sikuwajua, na mimi mbwa wa huko niliwajua kwa majina na kwa tabia. Wengine wamekaa kama wageni wa msiba, wengine wanatafutana koo. Nyuma ya chumba cha pamba kulikuwa na shimo chini ya ukuta, udongo mbichi umetupwa nje. Nikainama nikachungulia. Mtajiju na Tutaona wamejilaza juu ya pamba nyeupe kama maharusi wa gesti. Ugomvi wa minyaa ulikuwa umesuluhishwa, ila wenye minyaa ndio walikuwa hawajaarifiwa.

Jilala anazunguka na fimbo, anaita "Mtajiju! Toka, Mtajiju!" Masunga amesimama upande wake, amekunja mikono, anafurahi. Siku hiyo alimsemesha jirani yake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Dume langu si mwizi, Jilala. Limeitwa."

"Nitaliua!"

"Kaliue. Liko kitandani kwako."

Nikawaambia wote, kwa sauti ile ya kazi: hakuna kupiga. Mbwa wakiwa wameshikana unawaacha mpaka waachane wenyewe. Leteni maji ya kuwatawanya hawa wa nje, watoto wakae ndani, tufunge shimo, tutamtoa jike baadaye kwa kamba. Kilikuwa kitu cha muda mfupi tu. Sundi akaenda kuteka maji. Masunga nikamwambia alete mnyororo amfunge dume lake akitoka. Akasema, "Mbwa wangu hajazoea mnyororo." Na Jilala, kwa kuwa ni mwenye nyumba na haambiwi la kufanya na mwanamke kwenye boma lake, aliingiza fimbo kwenye shimo akaanza kuchoma.

Tutaona alitoka kwenye shimo lile akiwa na hasira ya mtu aliyeamshwa kwa fimbo. Nje akakutana na dume jingine lililokuwa linangoja zamu. Wakashikana. Wakabiringika uani, vumbi, meno, na wakati huohuo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Kabula. Alikuwa mdogo, hajafika hata kiunoni kwangu. Ameshika sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, kwa mikono miwili, anatazama sahani isimwagike, kama walivyomfundisha.

Mbwa walikuwa wanabiringika kuelekea kwake. Nilimsukuma kwa nyonga, na mkono wangu nikauweka pale uso wake ulipokuwa. Tutaona akafunga mdomo. Hakunikusudia mimi. Meno yalikuwa yameshaanza safari, yakafikia kilichokuwepo.

Nawaambia la kufanya, maana hili si la kuchekea. Nilikwenda kwenye maji ya Sundi nikanawa kwa sabuni, maji yakimiminwa, muda mrefu, mpaka Sundi mkono ukamuuma kwa kumimina. Jilala akaja na pilipili ya kusaga na mafuta ya taa, dawa ya babu yake. Nikamwambia ajipake mwenyewe anapotaka. Unaosha kwa sabuni, unaenda hospitali siku hiyohiyo, unachomwa sindano za kichaa cha mbwa zote, huishii nusu ukaona umepona. Kichaa kikishaanza kuonekana, hakuna wa kukusaidia. Niko hai kwa sabuni na sindano.

Kabla sijaondoka nilimwuliza Masunga, "Amechanjwa?"

"Yuko imara tu."

"Sijauliza uimara. Amechanjwa?"

"Mbuke, mbwa wangu namjua."

Maduhu alikwenda mwenyewe na mnyororo, Tutaona akafungwa siku kumi akiangaliwa kama atageuka. Hakugeuka. Hakuwa na kichaa. Siku hizo kumi alikula vizuri kuliko mimi, maana Masunga alimwonea huruma kwa kufungwa.

Dole gumba langu la kulia halikunjiki mpaka leo. Mshipa ulikatika. Nilirudi kazini, nikajaribu kumkumbatia mbwa wa kwanza, akateleza kama sabuni, akamfikia daktari suruali. Nikajaribu wa pili. Siku ya tatu Maduhu hakunifukuza. Alinipa ule ufagio, taratibu, akitazama dirishani. Niliupokea kwa mkono wa kushoto, nikafagia mpaka mwisho wa mwezi, nikaondoka. Wengine wanastaafishwa kwa hotuba na godoro. Mimi nilistaafishwa na Tutaona.

Kikao cha ukoo kilikaa, ndiyo. Sisi kwa vikao hatujambo. Jilala akasimama akasema ukweli mtupu: "Mkono aliuingiza mwenyewe. Hakutumwa." Wazee wakatikisa vichwa, kweli, hakutumwa. Hakuna aliyetaja kwamba nyuma ya mkono ule kulikuwa na uso wa binti yake, na uso ule hauna hata mkwaruzo. Mtazameni Kabula mkipita Binza. Ni mzuri. Naye Sundi alikuwa hana ruhusa ya kusema kikaoni, akakaa nje analia na ndoo.

Mnataka kujua habari za pamba? Chama kikafungua mizani. Karani akatia mkono kwenye gunia la kwanza la Jilala, akavuta, akatoka na manyoya. Akatia tena, akatoka na kitu kibaya zaidi. Akamwuliza mbele ya foleni nzima, "Mzee, hii ni pamba au umeanza kufuga kondoo?" Yote ilikwenda fifi, daraja la pamba chafu. Mwaka mzima wa kupalilia, fifi! Aliyekuwa anangoja pamba iuzwe ndipo apeleke mbwa, pamba ikauzwa kwa bei ya takataka kwa sababu ya mbwa ambaye hakumpeleka.

Na Mtajiju akazaa. Walizaliwa wengi, karibu wote na ncha nyeupe ya mkia. Jilala akawagawa kama pipi za harusi, na waliobaki akawatia kwenye gunia akawaacha mnadani, eti "atakayempenda atachukua". Kwa muda mrefu kila nilikopita nilikutana na ule mkia. Dutwa stendi, ncha nyeupe. Kando ya barabara, imelala, haiamki, ncha nyeupe. Hao ndio Jilala anaotaka Kabula naye awazalishe "kwanza mara moja".

Hilo la azae kwanza mara moja, mimi nimelisikia kwa watu wengi na sijawahi kuambiwa limetoka wapi. Maduhu alisema mbwa jike hana ndoto ya kuitwa mama. Hazai kwa ajili ya kupata heshima ukweni. Akishapita miezi sita, mpeleke kwa daktari amtazame, akwambie lini, maana mbwa wakubwa wengine husubirishwa zaidi. Asiwe kwenye joto siku hiyo. Na majike yanayoachwa mpaka uzeeni nimeyashika pia, yakija na usaha kwenye mji wa mimba, na mengine hayakurudi nyumbani.

Nisiwadanganye kwa upande mwingine. Mbwa aliyehasiwa ananenepa ukimpa ugali uleule, punguza. Mbwa mkali kwa sababu alipigwa utotoni, kisu hakimfundishi adabu. Na usimpe fundi wa mnadani mwenye koleo la ng'ombe, hata akikwambia ni dakika moja. Hiyo dakika nimeisikia ikilia.

Kuna bibi mmoja wa Dutwa, huyu jina lake silitaji na nitasema kwa nini. Aliambiwa mbwa asile chochote tangu jioni, asubuhi aletwe ana njaa. Sasa kwetu mgonjwa hasafiri na njaa, hilo ni jambo la aibu. Alfajiri bibi akampa ugali na maziwa mgando, ashibe, apate nguvu za kisu. Njiani hakusema, sisi hatukuuliza mara ya pili. Mbwa alilala kwa dawa, akatapika, akavuta matapishi kwenye mapafu, akafia mikononi mwangu. Bibi alikaa chini akasema, "Ni mimi. Nilimlisha. Nisameheni." Katika miaka yangu yote ya kushika mbwa, huyo ndiye pekee aliyesema ni mimi. Ndiyo maana jina lake linabaki kwangu.

Siku hizi mambo yamekuwa rahisi, ninyi hamjui tu. Kuna madaktari vijana, wana glovu, dawa ya usingizi nzuri, nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Sisi tulikuwa tunakata ndoo ya rangi kitako, tunamvisha mbwa shingoni asifikie kidonda, anazunguka mji mzima kama tarumbeta. Bado inafaa, kama hamna nyingine. Mbwa akae pakavu, pasipo vumbi, asikimbizwe na watoto, na kidonda kitazamwe kila siku. Kikivimba au kikitoa maji, rudi. Usimpigie simu Jilala.

Sasa msimu uliopita, mchana kweupe, siku ya mnada ambapo mtaa wetu hauna mtu, nilisikia baiskeli mlangoni. Masunga. Amezeeka. Nyuma ya baiskeli amefunga gunia la pamba, na kwenye gunia kinachungulia kichwa cha mbwa.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Umepotea njia?"

Akatazama huku na huku. "Yule daktari wako bado anahasi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka mingi, sikutaka kuliharibu. Halafu nikasema, "Lakini Masunga, mbwa aliyehasiwa halindi."

"Mbuke."

"Na ana jina."

"Mbuke, mjukuu wangu ameanza kutembea. Anamfuata huyu mbwa kila mahali." Akashusha macho, na macho yakatua kwenye dole gumba langu, yakaruka haraka kama yameungua.

Tukaenda. Maduhu naye ni mzee, anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, lakini mikono haijasahau. Alimzungusha Masunga kwa maswali ya ua mpaka akaridhika. Halafu akauliza nani atashika, maana kijana wake alikuwa ameenda mnadani. Masunga akasema yeye damu hawezi, akatoka nje akakaa kwenye gogo, miguu amebana.

Nikamshika mimi. Mkono wa kushoto chini ya shingo, na huu wa kulia nikautumia kama ubao tu, kiganja tumboni. Kichwa kikaja kifuani. Mkia ulikuwa na ncha nyeupe. Mjukuu wa Tutaona na Mtajiju, au kitukuu wao, sikuhitaji kuuliza. Nikaanza kumsimulia habari za Jilala. Akatulia.

Kazi ilipokwisha nilimwita Masunga. "Anaitwa nani? Daktari anataka amwite akiamka."

Masunga akatazama baiskeli yake. "Yaishe," akasema. "Anaitwa Yaishe."

Basi. Hiyo ndiyo samahani niliyopata. Watu wa Sapiwi ukitaka samahani yao, uombe Mungu wapate mbwa. Jina la mbwa halikunji dole gumba. Nilimwambia amfunge ndoo shingoni na asimpe ugali mpaka aamke vizuri. Alipopanda baiskeli akasema, "Usimwambie Jilala." Nikamwahidi. Na Jilala sijamwambia kitu. Nimeandika tu.

Jana Kabula alipiga tena. Alizunguka ua wote wa nyumba yake, akainama kila penye uwazi. "Mama mkubwa, kuna tundu nyuma ya jiko. Mimi sikuliona. Aliyenionyesha ni mtoto, nimemfuata nikakuta anapitia hapohapo, na mbwa nyuma yake. Ng'ambo kuna madume mawili yamekaa."

"Sasa?"

"Nimeziba kwa bati. Na Alhamisi nampeleka. Daktari wa huku ameshamwona, amesema afya yake nzuri na joto halijaja. Jioni ya kuamkia hapo hapewi kitu."

"Baba yako je?"

"Anafika Jumamosi."

"Atamkuta na ndoo shingoni."

"Atamkuta."

Basi Kabula, akifika mpe kiti, mwite mjukuu wake aje atembee mbele yake, halafu msomee haya. Macho yake siku hizi hayaoni herufi, soma kwa sauti. Usiruke jina lake. Ukifika kwenye fifi, soma mara mbili. Ukifika kwenye sahani ya matobolwa, simama kidogo akutazame uso. Na akisusa maji ya kwako kama alivyoapa, usimbembeleze. Funika kikombe, mwambie atakunywa baada ya pamba.